Unataka mbio, mgongo unataka amani

Maswali ya safari hii yamefanana kama watoto wa tumbo moja. Mmoja anataka pikipiki inayochomoka lakini isiyomtoa machozi kwenye mashimo. Mwingine ameshanunua, na sasa anatafuta namna ya kuishi nayo bila kumeza dawa za maumivu. Nimechukua yale ambayo majibu yake yatawafaa na wengine, na nimeyafupisha, maana kuna mtu alijaza kurasa nne kabla hajafika kwenye swali lenyewe.

Shikamoo mzee. Mwaka wa nne huu naendesha pikipiki ya cc 150 na sasa nataka kupanda daraja. Nimepata mbili zilizotumika: Yamaha R6 na Kawasaki Ninja 650. Nitaitumia kwenda kazini kila siku, na Jumapili napanda nayo milimani na wenzangu. Wao wanasema Ninja 650 ni ya waoga. – Mpanda ngazi

Marahaba kijana. Wenzako watakuwa nawe Jumapili tu. Siku sita zilizobaki utakuwa peke yako na hiyo pikipiki, basi tuanzie hapo.

Kuna namba ambazo muuzaji hazitaji. R6 ya kuanzia 2017 ina toki, yaani ile nguvu ya kusokota tairi, ya takriban Newton-mita 62. Ninja 650 ina takriban 65. Hujasoma vibaya: hiyo ya waoga ndiyo inayosokota zaidi. Wanachotofautiana ni mahali nguvu hiyo inapopatikana. Ninja inaitoa yote mshale ukiwa kwenye mizunguko 6,500 hivi kwa dakika. R6 inataka uipandishe hadi 10,500, na nguvu zake za farasi, kama 118, zinakaa juu zaidi, kwenye 14,500. Ninja ina farasi 68 tu, lakini wako kwenye 8,000, mahali unapopita kila siku ukitoka kwenye taa. Kwenye kiwanja cha mashindano R6 itamwacha mwenzake mbali. Kwenye foleni, injini ya R6 chini ya 7,000 imelala usingizi wa pono. Tena gia yake ya kwanza peke yake inavuka kilomita 100 kwa saa. Yaani ili uonje kile ulichokilipia, unahitaji barabara tupu na askari aliyesinzia.

Halafu kuna mwili. Kiti cha R6 kiko milimita 850 kutoka chini, cha Ninja 650 kiko 790. Usukani wa R6 ni vipande viwili vilivyofungwa chini kabisa kwenye shokapu za mbele, na vikanyagio vimepandishwa nyuma. Mtu anayelala kwenye kona ya kiwanja anakaa hivyo kwa dakika ishirini, kisha anashuka, anakunywa maji. Wewe utakaa hivyo asubuhi na jioni. Yamaha wenyewe waliacha kuiuza Ulaya kama pikipiki ya barabarani baada ya 2020, sheria za moshi zilipobana, na iliyofuata mwaka 2021, R7, ilikuja na injini ya silinda mbili ya cc 689. Sura ya mbio, moyo wa kila siku.

Niliwahi kuwa na pikipiki ya aina hiyo, cc 600, silinda nne, kwa miaka miwili. Jioni moja ya joto nilikwama kwenye foleni. Feni ya rejeta ikawaka, hewa ya moto ikapenya kwenye kava, yale maganda ya plastiki yanayofunika pikipiki, na kunipiga mapajani. Klachi nimeishika kwa vidole viwili vinavyotetemeka, uzito wote wa kifua uko kwenye viganja. Mzee mmoja kwenye skuta akanipita kando, amekaa wima kama yuko sebuleni kwake, akanipungia mkono. Mwezi uliofuata niliiuza.

Chukua Ninja. Na hao wenzako, kwenye barabara ya milima yenye kona za kubana, wataiona taa yako ya nyuma mara nyingi kuliko wanavyotarajia.

Fundi, mimi nimeshachelewa. Nilinunua yenye kava kamili na usukani wa chini. Nusu saa tu viganja vinakufa ganzi na shingo inakaza. Niuze? – Mwenye viganja

Usiuze bado. Nikuulize kwanza: magoti yako huwa wapi?

Wengi wanaolalamika viganja wanaendesha magoti yakiwa yamepanuka, miguu inaning'inia, na mwili wote umeegemea usukani kama mtu aliyeegemea kaunta. Ukitafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, bana tangi kwa magoti, kaza tumbo kidogo, kisha punga viwiko kama kuku anayekung'uta mabawa. Vikipunga kwa urahisi, uzito wako uko mahali pake. Vikigoma, basi umejitundika kwenye viganja, na hakuna pikipiki itakayokuponya, hata ukinunua ya bei ya nyumba.

La pili ni mikono ya breki na klachi. Kiwandani huifunga kwa mtu wa wastani, na huyo mtu wa wastani sijawahi kukutana naye. Kaa kwenye kiti, nyoosha vidole: vinapaswa kufuata mstari mmoja na mkono kuanzia kiwiko. Ikiwa unalazimika kuinua kiganja ili ufikie klachi, legeza boliti na uishushe kidogo. Kazi ya dakika tano, na nimeona watu wakirudi kunishukuru kana kwamba nimewafanyia upasuaji.

La tatu ndilo la gharama: kuna vipande vya kuinua usukani kwa sentimita mbili au tatu na kuurudisha nyuma kidogo. Vinasaidia kweli. Lakini ukishavifunga, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, injini ikiwa inanguruma bila gia. Ikiwa mlio unapanda ukigeuza, waya wa mafuta umekuwa mfupi. Angalia na mpira wa breki usivutike. Usitoke hapo kabla hujafanya hivyo.

Halafu kuna kitu ambacho watu hawakiamini mpaka wakione wenyewe: pikipiki hizi huumiza zaidi zikitambaa kuliko zikikimbia. Ukifika kilomita 100 hivi kwa saa, upepo unakushika kifuani na kukubeba, viganja vinapata likizo. Ukiwa mjini hakuna upepo wa kukubeba. Kwa hiyo ikiwa safari zako nyingi ni za foleni, na haya yote umeyafanya bila nafuu, hapo ndipo uuze.

Habari kaka. Mimi ni mwanamke wa sentimita 158. Kila duka ninaloingia wananielekeza kwenye zile ndogo za kutambaa. Nataka ya kukata kona, na miguu yangu ifike chini. – Dada mfupi mwenye haraka

Nzuri dada, na pole kwa hao wauzaji.

Urefu wa kiti ulioandikwa kwenye karatasi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni upana. Kiti chembamba kwa mbele, pale kinapokutana na tangi, kinaacha mguu ushuke wima. Kiti kipana kinaupeleka mguu nje kwanza ndipo ushuke, na hapo unapoteza sentimita kadhaa. Suzuki SV650 ina kiti cha milimita 785, na kwa sababu silinda zake mbili zimepangwa moja mbele na nyingine nyuma, mwili wake ni mwembamba katikati ya mapaja. Kawasaki Ninja 400 nayo ni 785, na uzito wake ni kama kilo 168 ikiwa na mafuta. Yamaha R3 ni 780. Zote hizo zinakata kona vizuri kuliko waendeshaji wengi walio juu yake.

Wala huhitaji nyayo zote mbili chini. Mguu mmoja wa kushoto ukikanyaga sawasawa unatosha, wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma. Jizoeze kusogeza nyonga upande mmoja kila unaposimama. Baada ya wiki hutakumbuka kama uliwahi kujifunza.

Nikuonye juu ya kushusha pikipiki kwa kubadilisha viungo vya shokapu ya nyuma. Watu hufanya nyuma tu wakasahau mbele, pikipiki ikawa kama mbwa aliyeketi, na kwenye kona inagoma kuingia. Jingine: stendi ya pembeni hubaki na urefu wake ule ule, kwa hiyo pikipiki inasimama karibu wima. Upepo kidogo, iko chini. Anza na kiti. Fundi wa viti mwenye mkono mzuri ataondoa sentimita mbili za sponji na kuchonga kingo, bila kugusa chuma.

Silinda moja, mbili, tatu, nne: ipi ina uwiano mzuri wa mbio na raha? Kila mtu ana dini yake. – Mhesabuji

Na mimi nina yangu, kwa hiyo nisomee kwa tahadhari.

Nne zilizopangwa kwa mstari ni laini kama hariri na huimba vizuri zikipanda, ila zile za cc 600 hulala chini, kama nilivyomwambia Mpanda ngazi. Zikifika cc 1,000 hivi hali hubadilika kabisa. Kawasaki walichukua injini ya cc 1,043, wakaipanga ivute kuanzia chini, wakaiwekea kava, kioo cha upepo na mahali pa kufunga masanduku: hiyo ndiyo Ninja 1000, inayoitwa pia Z1000SX. Unaweza kuiacha gia ya sita ukapita nusu ya nchi bila kuigusa.

Mbili ndizo ninazoziheshimu kwa matumizi ya kila siku. Yamaha MT-07 iliyotoka 2014 ina pistoni mbili ambazo hazipandi pamoja wala hazipishani nusu kwa nusu. Moja inaifuata nyingine kwa robo tatu ya mzunguko. Matokeo yake ni mapigo yasiyo sawa, pu-pu… pu-pu, kama ya injini zenye umbo la V, na mkono wako wa kulia unahisi wazi tairi ya nyuma inavyoshika lami. Ina uzito wa kilo 180 na ushee. Haina kava, ni uchi kama ilivyozaliwa, lakini usukani wake mpana unakupa kifua wazi na shingo iliyopumzika.

Tatu ni mtoto wa katikati aliyerithi mazuri ya pande zote. Triumph walituonyesha hilo kwa Street Triple ya cc 675 mwaka 2007, Yamaha wakafuata na MT-09. Zinavuta chini kama za mbili na kupanda juu karibu kama za nne. Tahadhari: zinachokoza. MT-09 za mwanzo mkono wa mafuta ulikuwa mkali mno, ukiugusa inaruka kama mbuzi aliyechomwa mwiba.

Silinda moja ya cc 300 au 400 ni nzuri mjini na ni nyepesi, ila ukikaa nayo saa mbili kwenye barabara kuu mtetemo unaingia hadi kwenye meno.

Ukinilazimisha nitaje ile iliyofundisha wengine namna ya kuchanganya mbio na safari, nitasema Honda VFR, ile ya silinda nne zenye umbo la V. Ilianza 1986 ikiwa cc 750, ikawa cc 800 mwaka 1998. Nzito kidogo, lakini injini yake inageuka kama saa, na bado ziko barabarani zikiwa na umri wa kuoa.

Pikipiki yangu inarusha kwenye kila tuta mpaka naona mara mbilimbili. Duka wanasema ndivyo pikipiki za mbio zilivyo. Kweli? – Anayerushwa

Si kweli, na hili nitalikalia, kwa sababu ndilo linaloharibu pikipiki nyingi nzuri kuliko jambo lingine lolote.

Shokapu (kuna wanaoziita shokomzoba, nami sigombani nao) zinatoka kiwandani zimepangwa kwa uzito fulani. Ukiwa na kilo 60 au 95, haikupangiwa wewe. Chukua utepe wa kupimia na rafiki wawili. Kwanza inueni nyuma mpaka tairi iachie ardhi, pima kutoka kwenye ekseli ya tairi hadi alama moja kwenye mkia, wima. Tuseme milimita 560. Kisha vaa mavazi yako yote ya safari, panda, miguu kwenye vikanyagio, rafiki mmoja akikushikilia, mwingine apime pale pale. Tuseme 508. Umezama milimita 52. Hiyo ni nyingi mno. Kwa pikipiki ya barabarani tunatafuta kati ya 30 na 40, yaani karibu theluthi ya safari yote ya shokapu. Kaza ile pete ya springi mpaka ufike hapo. Ukiwa umezama 20 tu, legeza, maana huna nafasi ya tairi kushuka kwenye shimo, na ndipo unaporushwa.

Kuna kosa moja linalorudiwa hata na mafundi. Kukaza springi hakuifanyi iwe ngumu zaidi. Kunapandisha tu mahali inapoanzia kufanya kazi. Ikiwa umekaza mpaka mwisho na bado unazama 50, springi yenyewe si yako, badilisha. Ikiwa umelegeza yote na bado unazama 20, vivyo hivyo.

Kisha kuna ile skrubu ya kudhibiti kurudi kwa shokapu. Bonyeza kiti kwa nguvu, achia. Kinapaswa kurudi mara moja na kutulia, si kuruka ruka, wala si kupanda polepole kama unga wa mkate. Kikirudi polepole mno, kwenye matuta yanayofuatana shokapu haiwahi kunyooka, inazidi kuzama kila tuta, mwishowe unaendesha kwenye chuma. Hapo ndipo mtu anasema pikipiki ni ngumu, kumbe imebanwa na skrubu. Nilikutana na moja ambayo mwenye nayo wa kwanza alikuwa amezikaza zote hadi mwisho kwa sababu alisikia wakimbiaji hufanya hivyo. Tulizirudisha kwenye mipangilio ya kitabu, tukapima, tukatoka. Mwenye nayo alirudi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ina kiti."

Pikipiki nyingi za bei ya kati hazina skrubu mbele. Basi badilisha mafuta ya shokapu za mbele. Yakikaa miaka mingi hugeuka maji machafu yenye harufu ya samaki.

Mke wangu alipanda mara moja, akashuka, akasema hapandi tena. Nataka ya mbio ambayo mama watoto ataikubali. – Aliyeachwa nyuma

Umetazama kiti ulichompa? Kwenye pikipiki za mbio kiti cha abiria ni kama sabuni ya kipande iliyobandikwa juu ya mkia, na vikanyagio vyake viko juu kiasi kwamba magoti yanafika kwapani. Hana pa kushika ila wewe, na ukifunga breki kofia zenu zinagongana.

Kabla hujanunua, nenda naye. Akae yeye nyuma, wewe mbele, dakika kumi pikipiki ikiwa imesimama. Angalia pembe ya goti lake: ikikaribia pembe mraba, atakubali, ikiwa imekunjwa kama kisu cha mfukoni, mwisho wa habari. Awe na vishikio vya pembeni. Yamaha Tracer 9 na Kawasaki Ninja 1000SX zina viti vya watu wawili kweli, na zote zitakufurahisha kwenye kona. Hizo ndizo ningeanza nazo.

Na siku ukimbeba, kaza springi ya nyuma na jaza upepo wa tairi kama kitabu kinavyoelekeza kwa watu wawili. Unapopunguza mwendo anza na breki ya nyuma taratibu ndipo uingie ya mbele. Mkia unatulia, yeye hakugongi. Badilisha gia kama umebeba trei ya mayai. Atakayeamua kama kuna safari ya pili ni yeye, si pikipiki.

ABS ni lazima au ni mapambo? – Mwenye bajeti finyu

Ni lazima. ABS ni ile mitambo inayozuia tairi kujifunga ukikamata breki kwa nguvu. BMW waliiweka kwenye K100 mwaka 1988 na ilikuwa nzito kama betri ya gari. Leo ni kiboksi cha kushikwa kwa kiganja. Ulaya haziruhusu tena pikipiki mpya za zaidi ya cc 125 kuuzwa bila hiyo. Kati ya pikipiki mbili za bei moja, chukua yenye ABS hata kama rangi yake huipendi.

Nimeambiwa nikiweka matairi laini ya mashindano pikipiki itashika zaidi. Ni kweli? – Mlaza kona

Ni kweli ikiwa unaishi kwenye kiwanja cha mashindano. Mpira wa mashindano umeundwa kufanya kazi ukiwa wa moto, ndiyo maana wakimbiaji huyavalisha matairi mablanketi ya umeme ya nyuzi 80 hivi kabla ya kutoka. Wewe unatoka nyumbani asubuhi, mpira ni wa baridi, kona ya kwanza iko mita mia mbili. Tairi la safari lenye tabia ya mbio, kama Michelin Road, Pirelli Angel GT au Bridgestone ya jamii ya T, litakushika vizuri zaidi hapo, na mvua ikinyesha mifereji yake inatoa maji. Mengi yana mpira mgumu katikati usioisha upesi na laini pembeni kwa ajili ya kona. Mtu wa kila siku hahitaji zaidi.

Usinenepeshe tairi la nyuma kwa ajili ya sura. Pikipiki iliyoundwa kwa 160 ukiipa 190 inakuwa nzito kuingia kwenye kona, na kingo za tairi hazigusi barabara inavyopaswa. Na soma umri: tarakimu nne za mwisho ubavuni, 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi jipya dukani linaweza kuwa zee kuliko pikipiki yako.

Nanunua iliyotumika. Nitajuaje haijatoka kwenye mashindano? – Macho mawili

Fika bila kutangaza saa, na kabla ya salamu kuisha weka kiganja karibu na injini. Ikiwa ina joto, mtu ameiwasha mapema ili usisikie inavyoamka. Rudi kesho.

Kisha angalia vichwa vya boliti za breki na kifuniko cha kujazia oili. Vikiwa na vitundu vidogo vilivyotobolewa, hapo palipita waya wa usalama wa kiwanjani. Geuza usukani hadi mwisho, chungulia chini: kuna kichuma cha kuzuia usukani kwenye fremu. Kikiwa kimepondeka au kupasuka, pikipiki ilianguka vibaya, hata kama kava zote zinang'aa. Kava mpya kabisa kwenye pikipiki ya miaka kumi nazo ni ushahidi.

Inua mbele na ugeuze usukani polepole. Ukihisi inakwama kidogo katikati, kama droo yenye kichanga, bea za usukani zimekwisha. Pitisha kidole kwenye bomba za shokapu za mbele, kikitoka na oili, sili zimechoka. Zungusha tairi ya nyuma: mnyororo ukilegea na kukaza kwa zamu, ukate kwenye bei pamoja na sproketi zake.

Iliyokimbizwa kiwanjani si lazima iwe mbaya. Nimeona zilizotunzwa kuliko watoto. Ubaya ni kufichwa.

Nikibadilisha ekzosi ikawa na mlio mkubwa, si itakuwa na nguvu zaidi? – Kijana wa mtaa mzima

Itakuwa na kelele zaidi. Bila kurekebisha mchanganyiko wa mafuta, mara nyingi inapoteza uvutaji pale chini unapouhitaji, na baada ya saa mbili kichwa kinauma kama umelala kwenye mashine ya kusaga.

Niliweka kioo cha upepo kirefu zaidi ili nipumzike safarini, na kelele ikaongezeka. Nimefanya kosa gani? – Masikio

Hujakosea, umekutana na upepo uliochafuka. Kioo kifupi kinaupeleka upepo kifuani, ukiwa msafi. Kirefu kinaupandisha, na pale juu ya ukingo wake unajikunja na kuvurugika. Ukingo ukifika usawa wa kidevu au pua yako, vurugu hiyo yote inatua kwenye kofia, na ndiyo inayonguruma na kutikisa kichwa.

Siku unapokuwa kwenye barabara iliyonyooka, inuka kwenye vikanyagio kidogo kidogo. Kelele ikishuka ghafla kichwa kikiwa juu, umetoka kwenye vurugu ukaingia kwenye upepo safi: kioo ni kirefu mno kwako. Sasa jikunje, shusha kichwa taratibu mpaka kimya kije tena. Kama unalazimika kushuka kiganja kizima, kukirefusha hadi huko kutakufanya uchungulie barabara kupitia plastiki, na usiku wa mvua utajuta. Rudisha kile kifupi, weka vizibo vya masikio vya sponji, vile vya kukunja kwa vidole. Kile kirefu mpe mwenzako aliyekuzidi kichwa.